Spika haipimwi kwa wati peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo linanikera, na kila msimu wa korosho ukifika linanikera zaidi. Hela za korosho zikishaanza kuingia huku kwetu, kuanzia Tandahimba na Newala mpaka Masasi, na kwa wenzetu wa Lindi kule Ruangwa na Nachingwea, mtu akishamaliza mambo ya bati na pikipiki kinachofuata ni mziki. Msikiti unachangishana unanunua, kanisa linanunua, vijana watatu wanne wanaungana wananunua ili wakodishe kwenye harusi na unyago, na wote hao wakifika dukani wanauliza swali moja tu, hii ina wati ngapi? Muuzaji anajibu elfu tano, hela inahesabiwa, mzigo unapakiwa kwenye bajaji, basi. Hata matangazo ya spika yanayotoka kwenye gazeti lako, Mhariri, na hili nalisema kwa heshima, yameandika wati kwa herufi kubwa na hakuna kitu kingine chochote cha kumsaidia mnunuzi.

Mimi ni fundi, nafunga na kutengeneza mziki hapa Mtwara mjini, na hao watu baadae wanakuja kwangu. "Fundi, hii si ni wati elfu tano, mbona watu wa nyuma hawasikii?" Wanadhani spika imekufa. Haijafa, iko vilevile ilivyotoka kiwandani, ila walinunua namba ambayo haisemi spika inatoa sauti kiasi gani. Wati ni umeme unaoingia kwenye spika. Kuchagua spika kwa wati ni kama kuchagua gari kwa kuuliza linakunywa lita ngapi alafu ukachukua linalokunywa zaidi ukiamini ndo lenye mbio. Kinachotoka ni kitu kingine na kina namba yake, inaitwa sensitiviti, na hiyo namba hakuna anaeiuliza.

Geuza spika yoyote ya maana uangalie kibandiko cha nyuma au karatasi iliyokuja kwenye boksi. Utakuta wameandika omu, yaani kiasi spika inavyozuia umeme, wameandika wati, alafu pembeni kwa maandishi madogo kuna kitu kama 97 dB 1W/1m. Wengi wanadhani ni namba ya kiwanda, kumbe hiyo ndo sensitiviti. Maana yake ni kwamba spika ikipewa wati 1 tu, wati moja, mtu akaweka kipimo mita 1 mbele yake, kipimo kitasoma desibeli 97, na desibeli (dB) ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Spika nyingi za sebuleni zinakuwa kati ya 85 na 90. Zile za shughuli zenye inchi 12 au 15 nyingi zinakaa 95 mpaka 100 hivi. Na zile za mdomo mpana tunazozifunga kwenye minara ya misikiti na juu ya magari ya matangazo, honi, zinafika 105 na kupita.

Unaweza kuona kutoka 90 kwenda 97 ni tofauti ndogo, saba tu. Siyo ndogo hata kidogo, maana desibeli haziendi kwa kujumlisha kama shilingi. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za nyongeza. Ukizidisha mara kumi unapata 10. Na sikio la binadamu, kwa kawaida, linahitaji kama desibeli 10 ndo liseme sauti imekuwa mara mbili. Kwa hiyo mwenye amplifaya, ile mashine inayosukuma umeme kwenye spika, ya wati 500 akienda kununua ya wati 1000 kwa hela nyingi, sikio lake litapata desibeli 3, yaani atasema "eeh, imeongezeka kidogo". Akitaka isikike mara mbili kweli inabidi awe na wati 5000, za kweli, siyo za kwenye kibandiko.

Hesabu yenyewe unaweza kufanya kichwani ukiwa umesimama dukani. Wati 1 ni sifuri. Wati 10 ongeza 10, wati 100 ongeza 20, wati 1000 ongeza 30. Za katikati, kila ukizidisha mbili ongeza 3, kwa hiyo 200 ni 23 na 400 ni 26, na 300 inaangukia karibu na 25. Hiyo unajumlisha na sensitiviti ya spika, jibu ndo sauti ya mita 1. Mwenye simu yenye kikokotoo anaweza kuilaza simu vile vitufe vingi vitokee, abonyeze log ya wati alafu azidishe kwa 10, jibu ni lilelile.

Sasa tuchukue spika mbili. Ya kwanza imeandikwa wati 1000, sensitiviti 90. Ya pili imeandikwa wati 300, sensitiviti 97. Kijana yeyote ukimuuliza atachukua ya elfu moja. Piga hesabu: ya kwanza ni 90 na 30, inakuja 120. Ya pili ni 97 na 25, inakuja 122. Ya wati mia tatu imemzidi mwenzake wa wati elfu! Na ili ile ya kwanza imfikie ya pili inabidi ipewe wati 1500, ambazo itaungua kabla haijazifikia, na hapo hujahesabu bei ya amplifaya ya kuzitoa hizo wati wala jenereta ya kuiendesha hiyo amplifaya kijijini ambako umeme haujafika au umekatika siku ya shughuli.

Nashangaa hili halifundishwi kwa wanunuzi wakati ni la zamani sana. Mwaka 1919 Rais wa Marekani Woodrow Wilson alihutubia uwanja mzima uliojaa watu kule San Diego kwa vipaza sauti vya honi vya Magnavox, na enzi hizo amplifaya zilikuwa za taa za kioo, nguvu yake ndogo mno ukilinganisha na hizi tunazouziwa leo kwa maelfu ya wati. Hata majumba ya sinema ya miaka ya 1930 yalijaza sauti ukumbi mkubwa kwa amplifaya za makumi ya wati. Walifanya vile kwa sababu wati zilikuwa ghali kuzipata, kwa hiyo walihangaika na spika yenyewe mpaka itoe sauti kubwa kwa umeme kidogo. Leo wati za kuandika kwenye boksi zimekuwa rahisi, ndo maana watu wanaandika tu.

Turudi kwenye honi ya msikitini maana hapa ndo watu wananibishia. Honi ya wati 30 yenye sensitiviti 107, jumlisha 15 za wati 30, unapata 122. Sawasawa na ile spika ya wati 300, na inaizidi ile ya 1000. Ndo maana adhana inatoka mnarani inavuka mashamba inafika mtaa wa pili na amplifaya iliyoko ndani ni kidude cha kubeba kwa mkono mmoja. Lakini honi haina besi, usije ukaifunga kwenye harusi ukategemea watu wacheze, yenyewe ni ya sauti ya mtu anaeongea. Kamati ya msikiti au ya kanisa inayotaka mawaidha na mahubiri yasikike vizuri nje kwa waliokosa nafasi ndani, honi mbili nzuri zinamaliza kazi kwa hela ndogo. Nimeshaona kamati inauziwa masabufa mawili makubwa kwa kazi ya kuongea, besi inavuma, maneno hayaeleweki, na wazee waliochanga hela zao wanakaa nyuma wanaulizana shekhe kasema nini. Hilo linaniuma kweli.

Kingine kinachopoteza watu ni umbali. Ile 122 ni ya mita 1, na hakuna anaesikiliza mziki akiwa mita 1. Sehemu ya wazi, kila umbali ukizidi mara mbili sauti inashuka desibeli 6. Mita 2 imeshuka 6, mita 4 imeshuka 12, mita 8 ni 18, mita 16 ni 24, mita 32 ni 30. Kwa hiyo watu waliokaa mita 32, ambayo ni umbali wa kawaida kabisa kwenye uwanja wa shule siku ya shughuli, wanapata 92. Na hiyo 92 nayo ni wakati amplifaya inasukuma nguvu yake yote mfululizo, kitu ambacho mziki haufanyi, mziki una vilele vya ghafla, ngoma inapiga paa alafu inatulia, kwa hiyo ukitaka vilele vile vipite visikatwe inabidi wastani ukae kama desibeli 10 chini. Wastani wa mita 32 basi ni kama 82. Ni sauti nzuri, inatosha kumsikia MC, ila siyo ile ya kutikisa kifua. Toa nyingine tena kwa ajili ya joto, koili ya spika, ule waya wa shaba uliozungushwa ndani, ikifanya kazi usiku kucha inapata moto, na shaba ikipata moto inazuia umeme zaidi. Ikipanda nyuzi 200 juu ya kawaida ukinzani wake unakaribia kuwa mara 1.8 ya mwanzo, umeme unaoingia unapungua, na unaweza kupoteza desibeli 2 au 3 bila kugusa kitu. Ma-DJ wanalijua hili bila kulijua, saa nne usiku mziki uko vizuri, saa nane wanaanza kupandisha volyumu wakidhani watu wamechoka masikio.

Na wanapopandisha ndo balaa linapoanzia. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake inaanza kukata vilele, mziki unakuwa mkavu unakwaruza, ile nafasi ya desibeli 10 ya kupumua haipo tena na spika inapokea moto mfululizo. Wa kwanza kufa ni twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Wengi wa wanaoniletea twita zimeungua wanasema "nilipewa amplifaya kubwa sana", kumbe mara nyingi ilikuwa ndogo kwa kazi ile ikalazimishwa. Wangekuwa na spika yenye sensitiviti kubwa amplifaya ileile ingepumua.

Jamani nisemee na hizi wati za uongo. Kwenye boksi utakuta neno PMPO na namba kama 8000. Hiyo namba haina kipimo chochote kinachokubalika, kila kiwanda kinajiandikia, msiiangalie kabisa. Kwenye spika za shughuli kuna namba tatu, ya mfululizo ambayo wengi wanaita RMS, ya programu ambayo kwa kawaida ni mara mbili ya hiyo, na ya kilele ambayo ni mara nne. Kwa hiyo spika iliyoandikwa mbele kwa rangi ya dhahabu 1600, ukisoma nyuma unakuta 400 ndo za mfululizo, na hesabu zako fanya kwa hiyo 400. Ukifanya kwa 1600 umejiongezea desibeli 6 ambazo hazipo. Hata ile sauti ya juu kabisa wanayoiandika kwenye karatasi, mara nyingi hakuna aliyeipima, wamechukua sensitiviti wakajumlisha na wati za kilele wakaandika jibu. Ukiona 132, jua wamepiga hesabu kama hii yetu ila kwa wati za kilele, na joto la koili hawakulihesabu.

Amplifaya nayo ina mahali inaposema ukweli. Nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, kuna kifuniko kidogo cha kuzungusha, ndani yake kuna fyuzi ya kioo nyembamba, na kwenye kile kichuma cha pembeni imechongwa namba. Itoe uisome, umeme ukiwa umechomolewa tafadhali. Ikiwa imeandikwa ampea 5, zidisha na volti 230 za ukutani, unapata 1150. Amplifaya ile haiwezi kuvuta zaidi ya hizo wati 1150 kutoka ukutani kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika, na katika hizo sehemu kubwa inaishia kwenye joto, hasa hizi nzito zenye transfoma kubwa, sasa itatoaje wati 5000? Kwa mpigo mfupi inaweza kuzidi maana kapasita zinakuwa zimehifadhi umeme, lakini elfu tano mfululizo haziwezi kutoka, ni hesabu ya shule ya msingi. Hata soketi ya ukutani ya ampea 13 mwisho wake haifiki wati 3000. Mimi mteja akija na amplifaya namwonyesha fyuzi kwanza kabla ya kuongea chochote, na wengi wananyamaza wanaiangalia tu ile fyuzi kiganjani.

Sensitiviti nayo ina ujanja wake, nisije nikaonekana nasema ni namba takatifu. Kuna viwanda vinapima kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwenye spika ya omu 8 ni kitu kilekile, volti 2.83 kwa omu 8 ni wati 1 kamili. Lakini kwenye spika ya omu 4 volti hizohizo zinaingiza wati 2, kwa hiyo spika inaonekana ina desibeli 3 zaidi ya haki yake. Ukiona omu 4 na 2.83V kwenye karatasi, punguza 3 alafu ndo ulinganishe na nyingine. Na pia 97 ya kwenye karatasi ni ya sauti za kati, huko chini kwenye besi spika ileile inaweza kuwa dhaifu zaidi kwa desibeli nyingi tu, ndo maana besi inakula wati na ndo maana sabufa inahitaji amplifaya yake.

Karatasi ikiwa haipo kabisa, na maduka mengi huku hazipo, kuna njia ya fundi. Mwambie muuzaji aweke amplifaya moja, wimbo mmoja, kitasa cha volyumu kisiguswe, alafu aunganishe spika hii kisha ile, zote ziwe za omu sawa. Simama palepale. Inayosikika zaidi kwa kitasa kilekile ndo yenye sensitiviti kubwa, hata kama yenyewe imeandikwa wati chache. Programu za kupima sauti za kwenye simu zinasaidia hapa, namba yake yenyewe inaweza isiwe sahihi ila tofauti kati ya spika na spika itaionyesha vizuri. Muuzaji akikataa kukujaribishia, nenda duka lingine.

Tuseme umeshanunua na huna hela ya kununua nyingine, ufanyeje watu wa nyuma wasikie? Usikimbilie wati. Umbali ukiupunguza nusu unapata desibeli 6 bure, na desibeli 6 kwa wati ni mara nne. Badala ya kurundika maboksi manne mbele ya jukwaa, acha mawili mbele na mawili yapeleke katikati ya umati, yasimame juu ya stendi au meza, mdomo wa spika upite juu ya vichwa vya watu, maana miili ya watu inameza sauti, hasa zile nyembamba zinazobeba maneno. Boksi lililowekwa chini mchangani linawasikilizisha waliokaa mstari wa kwanza tu. Kuongeza boksi la pili pembeni ya la kwanza kunakupa desibeli 3, besi zikikaa pamoja karibu karibu zinaweza kufika 6, ila angalia amplifaya yako inaruhusu omu ngapi, boksi mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, nne zinakuwa omu 2 na amplifaya nyingi hapo zinazima au zinaungua. Na ukiwa ufukweni, Shangani au kule Mikindani, angalia upepo unatoka wapi, panga spika zipige kuelekea upepo unakokwenda, maana sauti inayopambana na upepo inapinda kwenda juu inapita juu ya watu.

Sasa niseme kuhusu watoto, na hapa namwomba kila mzazi asome. Ile hesabu ya 122 kwa mita 1, toa 10 za wastani, ni 112. Kwenye shughuli zetu za unyago wakati wa likizo watoto ndo wanakaa mbele kabisa, wengine wameegemea boksi lenyewe, nimewakuta wadogo wamelala usingizi wameegemea sabufa, mama zao wako jikoni wanapika pilau. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inashauri mfanyakazi asizidi saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 100 ni dakika 15. Kwa 112 ni kama dakika moja. Dakika moja, na shughuli inakesha mpaka asubuhi! Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo wa kumbi na matamasha kwamba wastani usizidi desibeli 100. Kwa mziki wa mfano wetu, 112 inashuka kuwa 100 ukifika mita 4 kutoka kwenye boksi. Kwa hiyo nawaomba wenye mziki, vuteni kamba au pangeni mabenchi, mtoto asikae ndani ya hizo mita 4, ni hatua tano sita tu za mtu mzima, haigharimu kitu. Hata mita 4 siyo mahali pa kumlaza mtoto usiku kucha, akisinzia mpelekeni mbali kabisa. Sikio likishaharibika kwa kelele halirudi, zile nywele ndogo za ndani zikifa hazioti tena.

Majirani nao wana haki. Nchi yetu ina kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, chini ya ile sheria ya mazingira ya 2004, kwa hiyo mtu akilalamika anakuwa ana pa kusimamia. Na usiku sauti inasafiri kuliko mchana, siyo kwamba ni kimya tu, hewa ya karibu na ardhi inapoa kabla ya ile ya juu, basi sauti iliyokuwa inapanda inapindishwa irudi chini, inakwenda kumwamsha mgonjwa mtaa wa tatu. Boksi ndogo nyingi zilizo karibu na wasikilizaji, volyumu ya chini, zinawatosheleza walioalikwa na hazimsumbui asiyealikwa. Mwenye mziki anaejua hesabu hii anaweza kumjibu mwenyekiti wa mtaa kwa namba badala ya kugombana.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Anaeleta tangazo la spika kwenye gazeti lako mwambieni aandike vitu vitatu, sensitiviti yake, wati za mfululizo na omu. Akiwa hana hizo namba basi na bei asiandike, maana hajui anauza nini. Wenye maduka wa Mtwara na Lindi nawaomba wabandike hivyo vitatu kwenye kila boksi la spika kabla ya minada ya korosho ya mwaka huu haijaanza, kalamu na karatasi ya gundi vinatosha. Na kamati zinazojiandaa kununua, njooni na karatasi ya spika mnayoitaka kabla hamjalipa, kwa fundi yeyote mnaemwamini hapo mlipo, hesabu yenyewe haichukui muda na fundi mwenye utu hatawatoza.

Fundi mziki,
Chikongola, Mtwara